Mwanamke Aliyeshuka Kwenye Shimo la Gesi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa karibu na Magunga, nikiwa na akili zangu timamu. Sikusimuliwa na mtu.

Natengeneza gesi ya kupikia kwa samadi na magugu ya ziwani. Gesi hiyo hutoka imechanganyika na kaboni dioksidi, na moto wake huwa mnyonge. Ndiyo maana niliweka utando uliolowa chumvi ya aina yake, chumvi ambayo ni kimiminika bila tone la maji. Kaboni dioksidi huyeyuka humo na kupenya upande wa pili. Gesi inayowaka hubaki. Nilijifundisha mwenyewe.

Jioni utando ulipomaliza siku yake ya kwanza kazini, majirani walianza kupiga sufuria na mabati kuwafukuza nyawawa, mapepo yanayopita na upepo kutoka ziwani.

"Baba Achieng', piga hata kifuniko," mke wangu alisema. "Ama wakikubeba nikauulize utando wamekupeleka wapi?"

Nilicheka, nikaenda kufunga vali, ambayo iko ndani ya shimo refu kunishinda kimo.

Kando ya ngazi alisimama mwanamke nisiyemjua, amelowa hadi kiunoni.

"Chumvi yako inajua kuchagua," alisema. "Inameza hii, inaacha ile. Sasa hiyo inayomeza, inaitema wapi?"

Bomba la kaboni nilikuwa nimelielekeza humo humo shimoni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kumnyima mtu pumzi. Nilijua, na bado mguu wangu ulikuwa kwenye ngazi.

"Ngoja hapa, baba." Akashuka yeye.

Niamini, alikaa chini muda wa kujaza mtungi, akinisifia mabomba yangu moja moja, bila kukohoa. Alipanda na kuku wa mke wangu, amekufa, hana jeraha. Akaniwekea mikononi. Kuku alikuwa bado ana joto. Nilipoinua macho, mwanamke hakuwepo, na ngazi ilikuwa kavu.

Kesho yake, baada ya kuiondoa gesi shimoni, vali tuliikuta imefungwa. Kuku tulimzika, mke wangu alikataa kumpika. Bomba sasa linatokea juu ya paa. Tando nilizotengeneza baadaye zote huvuja chumvi na kupungua uzito. Ule wa siku ile naupima kila mwezi. Haujapungua hata gramu.

Nawe unayejenga mtambo, kaboni itoe juu, hewani. Na mgeni akikuzuia kwenye mdomo wa shimo, mtii kwanza. Jina utamwuliza baadaye, kama atakuwepo.