Tembo Asiye na Pembe

Baba yangu alimkabidhi mwindaji bunduki ya mitutu miwili iliyochorwa tembo asiye na pembe, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho. Niliikumbuka juzi, nilipoona picha ya bunduki kama ile kwenye simu ya mwanangu.

Tulikuwa barazani kwetu Ntalikwa, alasiri ya joto. Baba alipaka nta ya nyuki ubavuni mwa bunduki, akachora kwa sindano, kisha akaifuata michoro kwa patasi ndogo na nyundo. Harufu ya nta na mafuta ilijaa barazani, na mlio wa nyundo ulinitia usingizi. Nilikuwa binti mdogo, na niliamini kwamba mnyama anayechorwa pale ndiye atakayeuawa.

“Baba, usimpe pembe,” nilimwambia. “Wakimkuta hana, watamwacha.”

“Haya, mama,” akajibu, akifikicha macho.

Mwindaji alipokuja, aliigeuzageuza bunduki juani.

“Fundi, mbona huyu hana pembe?”

“Kazificha, bwana. Amekuona unakuja.”

Mwindaji alicheka, akaondoka nayo. Nililala nikijua nimeokoa tembo.

Sasa najua kwamba pembe ndizo zilizotaka mistari myembamba kuliko yote, na kwamba kabla ya mvua zilizofuata baba alikuwa akishikwa mkono kwenda uani. Juzi nilimuuliza mama kama siku ile baba alinisikiliza, au alikuwa haoni tena.

“Sijui, mwanangu,” alisema. “Niliogopa kumuuliza.”