Toleo Jipya na Sauti ya Mzee wa Saa Kumi

Mtaani walimwita Mama Wingu, na jina lenyewe lilianza kwa mzaha. Jirani alimuuliza anafanya kazi gani hasa, maana kila asubuhi anatoka na begi la kompyuta na jioni anarudi nalo, akajibu kwamba anajenga vitu kwenye wingu. Jirani akatazama juu. Tangu hapo, kila mwenye nguo kambani alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta: "Mama Wingu, leo mvua ipo?" Naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, alijibu kwamba ofisi ya mvua iko ghorofa nyingine.

Wingu lenyewe, ukiliondolea majivuno, ni kompyuta za watu wengine zilizofungiwa kwenye majengo ya mbali, nawe unazikodi. Zamani fundi alikwenda na bisibisi. Siku hizi anaandika: nataka seva hapa, nataka ghala la kuhifadhi vitu pale, liwekee kufuli. Programu inasoma maandishi hayo, inajenga. Na kwa kuwa hakuna mwenye subira ya kuandika kila kitu kuanzia mwanzo, mafundi hutumia maktaba. Si ile ya vitabu, bali fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, lililoandikwa tayari na watu usiowajua, ambao hawaishi kulikarabati. Kila wakilikarabati, hutoa toleo jipya. Ukichelewa kulichukua, lako la zamani linaachwa yatima na wezi wanajua penye matundu. Ukilichukua mbio, linaweza kukuvunjia nyumba nzima. Kazi ya Mama Wingu ilikuwa hiyo: kuamua lini, na kubonyeza.

Aliifanya kazi hiyo kwenye kituo cha redio, kilekile alichofanyia kazi baba yake kabla yake. Baba alikuwa mtangazaji. Kila siku saa kumi jioni alikuwa na kipindi cha kuzungumza na wasikilizaji mambo ya nyumbani tu: ndoa, wakwe, deni la nguo, mtoto asiyetaka kuoga. Watu walimwita Mzee wa Saa Kumi tangu hajafikia hata kuoa. Sasa alikuwa mzee kweli, na kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia, na sauti yote. Kila kitu alikielewa. Alichoweza kutamka ni "eee" peke yake, ya kukubali na ya kukataa, na ilibidi umtazame macho ujue ni ipi.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki kumfurahisha. Ikifika saa kumi, shangazi, dada yake aliyehamia kumtunza, alimwekea tableti mapajani na kumfungulia kipindi kimoja cha zamani kutoka kwenye hifadhi ya kituo. Mzee alijisikiliza. Alicheka palepale alipochekesha, na mahali alipokosea alitikisa kichwa. Shangazi alisema kaka yake anakufa asubuhi kila siku, halafu saa kumi anafufuka.

Kanda za vipindi hivyo zilikuwa zimeota ukungu kwenye chumba kimoja cha chini pale kituoni. Mama Wingu mwenyewe ndiye aliyepigania zihamishiwe kwenye wingu, moja baada ya nyingine, na kazi ilipokwisha yeye ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba sasa ziko salama, zile mbovu zitupwe. Zikatupwa. Alilifungia ghala lile kufuli ndani ya msimbo, mstari mmoja uliosema hiki kisifutwe hata mimi nikisema kifutwe. Alijifunza tahadhari hiyo kwa baba. Alipokuwa mdogo, baba alimkalisha mezani na kaseti, akamwonyesha kijino cha plastiki kilichopo mgongoni mwake. "Hiki ukikivunja, mwanangu, hakuna mtu anayeweza kurekodi juu yake. Kwa hiyo kitu unachokipenda, kivunjie kijino." Alikuwa akivunja vijino vya kila kaseti nyumbani hadi mama akamfichia.

Sasa, asubuhi yenyewe. Mkurugenzi alikuwa amemsumbua kwa muda kuhusu maktaba ile, maana toleo lao lilikuwa limezeeka na wakaguzi wa usalama wamelilalamikia. Mama Wingu alikuwa ameahirisha, akaruka toleo, akaruka jingine, sasa akawa anatoka la zamani kabisa na kwenda jipya kabisa kwa mkupuo. Maelezo ya mabadiliko yalikuwa marefu kuliko subira yake. Alisoma mwanzo kwa makini, katikati kwa haraka, mwisho hakufika.

Programu ile ina adabu: kabla ya kufanya lolote inakuonyesha mpango wake. Hiki nitakirekebisha, hiki nitakijenga, hiki nitakifuta. Halafu inakuomba uandike ndiyo. Lakini siku hiyo mpango ulikuwa na mistari mingi mno, na juu yake maonyo ya njano, yale ambayo huja kila toleo na hayajawahi kumla mtu. Ukionywa kila siku, sikio linaota sugu. Aliyapitisha kwa kidole. Aliona mahali pameandikwa kufuta, akajua moyoni ni vile vibandiko vidogo vinavyofutwa na kuwekwa upya kila mara. Akaandika ndiyo, akaenda kuchukua chai.

Alipoketi tena, fundi mwenzake, kijana wa meza ya pili waliyemwita Miwani, alikuwa amesimama.

"Dada, hifadhi ya vipindi imehama?"

"Imehama wapi? Ipo palepale."

"Nimeifungua. Ni tupu."

"Utakuwa umefungua ya majaribio."

"Siyo ya majaribio, dada. Njoo uone."

Alikwenda akaona. Ghala lilikuwepo, jipya, zuri, na ndani yake hamna hata chembe. Chai ilimmwagikia mkononi na hakusikia moto.

Alirudi kwenye maelezo ya mabadiliko na safari hii akayasoma hadi mwisho, mstari kwa mstari. Wale watu wa maktaba walikuwa wamebadilisha jina la ghala ndani ya msimbo wao. Kwa binadamu, mtu akibadilisha jina bado ni yuleyule. Kwa programu, jina la zamani halipo, basi mwenyewe hayupo, futa. Jina jipya lipo, basi jenga. Na kufuli? Kufuli nalo walikuwa wamelipa namna mpya ya kuandikwa. Mstari wake wa zamani ulikuwa bado upo, umekaa pale kwa heshima zote, na programu haikuwa ikiusoma tena. Onyo la njano lilikuwa limesema hivyohivyo. Na nakala za akiba, ambazo aliziwekea bidii kubwa, alikuwa ameziweka ndani ya fungu lilelile la ghala. Zilikwenda na mama yao.

Hakulia. Alipiga simu kwa kampuni ya wingu. Aliwekewa muziki, akangoja, akawekewa muziki mwingine, hatimaye akapokea mtu mwenye sauti ya upole.

"Pole sana, dada. Naona hapa. Amri ya kufuta ilitoka kwenye akaunti yako."

"Najua imetoka kwangu. Nauliza kama mnaweza kurudisha."

"Kwa bahati mbaya, kufuli lilikuwa halijawekwa."

"Liliwekwa!"

"Kwenye mfumo halionekani, dada."

"Kaka yangu, nisikilize. Si data. Ni mtu. Ni baba yangu, hawezi kusema, sauti yake yote ilikuwa humo. Hamna hata kipande? Hata kipindi kimoja? Mtafute mkubwa wako, mtafute yeyote."

Alimtafuta mkubwa wake. Mkubwa naye alikuwa mpole, na hilo ndilo lililomtia wazimu zaidi, kwamba hakukuwa na mtu hata mmoja wa kugombana naye. Kilichofutwa kimefutwa. Aliwasihi, akawatishia, akawasihi tena. Simu ilipokatika alibaki ameishika sikioni.

Miwani alikuwa amekwisha kupekua kompyuta zote za kituo. Walipata matangazo ya sabuni na taarifa za habari za juzi. Mama Wingu alimpigia fundi mitambo mstaafu kuuliza kama alibakiza kanda yoyote, mzee wa watu akakumbuka vizuri sana, akasema, "Si wewe uliyesema tuzitupe, binti yangu? Ulituambia huko juu hakuna ukungu." Hakumsema vibaya. Alikuwa anakumbusha tu.

Mkurugenzi alimwita, akaongea maneno ya kamati na maelezo ya maandishi. Kumbe mtu anaweza kuambiwa anakaribia kumwaga unga na asisikie. Alikuwa anatazama saa ya ukutani juu ya kichwa cha mkurugenzi. Jioni ilikuwa inakuja.

Nyumbani alikuta shangazi anahangaika na tableti.

"Afadhali umekuja. Hiki kidude chako kinasema hakuna kitu. Baba yako ameanza kununa."

"Shangazi, hebu tupishe kidogo."

Shangazi alimtazama usoni, akaweka tableti chini, akaenda jikoni.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, amechanwa nywele, amefungwa vifungo vyote vya shati hadi shingoni, kama mtu anayekwenda studio. Mama Wingu alipiga magoti mbele yake. Alikuwa amepanga maneno njiani, ya kuanzia mbali na kufika taratibu. Yote yalimtoka kichwani.

"Baba, nimekufuta."

Mzee alimtazama.

"Vipindi vyako vyote. Nilikuwa naweka toleo jipya la maktaba, likafuta ghala. Hakikubaki hata kimoja. Nimetafuta kila mahali, baba. Nimewapigia magoti watu kwenye simu."

"Eee?" alisema Mzee, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea droo ya kabati. Mama Wingu aliifungua. Ndani, chini ya dawa na betri zilizokufa, kulikuwa na kaseti. Aliishika kwa mikono miwili. Akaigeuza kwenye mwanga. Ndani yake hamkuwa na utepe. Ilikuwa ganda tupu, lile alilofundishiwa mezani alipokuwa mdogo.

Mzee aliichukua, akaweka ncha ya kidole chake kwenye tundu la kijino, akamwinulia macho. Swali lilikuwa wazi kuliko kama angelitamka.

"Nilikivunja, baba. Haki ya Mungu nilikivunja." Sasa ndipo machozi yalipokuja. "Toleo jipya limekuja na gundi, likaziba tundu."

Mtu mwingine asingeelewa. Mzee alielewa, maana enzi zake wahuni wa studio walibandika karatasi ya gundi kwenye tundu ili warekodi juu ya kazi za wenzao. Ndiyo maana palikuwa na sheria: kabla hujabonyeza kitufe chekundu, ingiza kidole, gusa tundu kwanza. Mzee akaushika mkono wa binti yake, akakitenga kidole cha shahada, akakisukuma kwenye lile tundu. Akangoja.

"Hapana," alisema Mama Wingu. "Sikugusa. Liliniambia, na mimi sikutazama."

Mzee aliuachia mkono wake. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aligeukia dirisha, kisha akaitazama saa, kisha tableti, na uso ukaanza kumlegea upande ule ambao ulikuwa bado mzima. Saa kumi ilikuwa imefika. Mama Wingu hakuvumilia. Alijifuta pua kwa kiganja, akakaa wima pale sakafuni, akaanza yeye, kwa sauti yake nyembamba, ule ufunguzi aliousikia kila siku ya utoto wake.

"Mimi niko hapa, wewe uko wapi? Kama umekaa, kaa vizuri. Kama umesimama, egemea kitu. Kama umegombana na mtu, mwite naye aje asikilize."

Mzee aligeuka. Midomo yake ilikuwa inakwenda naye neno kwa neno, na kidole cha mkono mzima kinapiga mapigo kwenye mkono wa kiti.

"Na kama..." alisema Mama Wingu. Kulikuwa na sentensi moja zaidi, ya mwisho, ile iliyowachekesha watu kila siku kabla ya muziki. Aliitafuta. "Na kama... Baba, na kama nini?"

Mzee aliijua. Macho yalimng'aa kwa kuijua. Alivuta pumzi, akainua kidevu kama mbele ya maikrofoni, akafungua kinywa.

"Eee," alisema. "Eee. Eee."