Siku ya Hofu ya Wifi Yangu

Ukitaka kumjua wifi yangu, mke wa kaka yangu, mpelekee nguo iliyoharibiwa na fundi mwingine. Ataigeuza, ataguna, kisha atakuuliza ni adui yako gani aliyeishona. Miaka ishirini na sita amekaa kwenye kibaraza kile kile, futi shingoni, pini mdomoni, na pini hizo hazijawahi kumnyamazisha.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, msomaji ni yeye. Mgonjwa alisomewa, mfiwa alisomewa, na kila mara alimalizia kwa kusema, "Mwenye imani haogopi." Mimi ninayekimbia hata mjusi nilikuwa nikiinamisha kichwa.

Alhamisi moja tulikutana kwake. Alifungua Biblia akatusomea Zaburi ya mchungaji mwema, hakukwama hata neno moja. Nilikuwa nimeketi ubavuni pake, nikachungulia. Kitabu kilikuwa kimefunguka kwenye Mambo ya Walawi, tena miguu juu kichwa chini. Zaburi yote alikuwa ameitoa kichwani.

Sikusema kitu mpaka wenzetu walipoondoka. Nina mdomo, ndiyo, lakini si wa kumvua mtu nguo hadharani.

"Wifi," nikamwambia, "siku hizi unasoma kwa kunusa?"

Alicheka. Kisha kicheko kikakatika, akakaa kwenye kiti cha cherehani akalia kama mtoto. Akaniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tangu mwaka jana daktari alimweleza kwamba asipopasuliwa atapofuka kabisa. Kila alipopangiwa tarehe alipata udhuru: mara sare za shule, mara harusi ya jirani.

"Kisu ndani ya jicho, wifi! Kikiteleza je? Hata huu ukungu nilionao nitaukosa."

Ndipo nikaelewa kwa nini kaka yangu, fundi viatu asiye na maneno mengi, humtungia mkewe uzi kwenye sindano ishirini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilidhani ni mazoea tu. Kumbe ni mapenzi, na nilijiona mjinga kwa kuchelewa kuyaona.

"Tena kinachoniuma zaidi ni uongo wangu," wifi akaendelea. "Nimewahubiria watu wangapi wasiogope? Nami nikisikia tu harufu ya hospitali, nageuza njia. Basi imani sina."

Mganga hajigangi, nikawaza.

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, tumemsahau. Shule aliiacha mapema, husoma kwa kufuatisha kidole. Akaichukua Biblia, akaketi, akatafuta polepole mpaka nikatamani kumnyang'anya.

"Zaburi ya hamsini na sita," akasema. "Siku ya... hofu yangu... nitakutumaini Wewe."

Akamtazama mkewe. "Mama watoto, hakusema siku ya ushujaa wangu. Na huyo ni Daudi, aliyeua simba."

Wifi alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Soma tena," akasema.

Alimsomea mara nne, kidole kikitembea chini ya kila neno.

Jumatatu tulikuwa hospitalini mapema. Wifi alivaa gauni lake zuri kuliko yote, utadhani daktari alikuwa anakwenda kukagua mishono. Alitetemeka mpaka benchi zima likatikisika, nasi wawili tuliomweka katikati tukatikisika naye. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na nilijua anasema nini.

Mlango ukafunguka. Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akamwinamia.

"Mama, unaogopa?"

Wifi aliupapasa mkono wa yule binti mpaka akaushika.

"Naogopa sana, mwanangu," akasema, akasimama. "Twende."