Nusu Ekari Isiyoguswa na Plau

Siku yangu ya kwanza kazini Oldonyo Sambu, Afisa Kilimo wa Wilaya alinikabidhi ripa moja. Ripa ni chuma chembamba kinachofungwa mahali pa plau. Ng'ombe wakivuta, hupasua mstari wa kupandia tu, ardhi nyingine inabaki bila kukatuliwa.

"Bwana shamba, nataka shamba moja lisilolimwa kabla ya mvua," alisema. "Moja tu. Ukishindwa, ofisini kuna mafaili ya kupanga."

Nikaenda kwa Mama Nasieku, mjane mwenye ekari tatu mteremkoni. Kila masika maji yaliteremka na udongo wake. Nilichimba shimo nikamwonyesha tabaka gumu, sakafu iliyoshindiliwa na plau kwa kupita kina kilekile kila mwaka. Mizizi ilifika pale ikakata kona.

"Shikamoo mama. Nipe zote tatu," nikasema, nikitafuta moja.

"Marahaba. Nina watoto wanaokula, kijana. Chukua robo."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Tukaafikiana nusu ekari, misimu miwili. Kisha akatundika jembe jipya ukutani.

"Ikishindikana, utaikatua mwenyewe kwa hili. Jumapili, watu wakitoka kanisani."

Nikapima nusu ekari kwa hatua, mara mbili. Mara zote ilipungua. Nikafunga ripa hivyohivyo.

Ripa haikutusumbua. Kazi ilikuwa mabua. Kule, mavuno yakiisha, mashamba yanakuwa wazi na ng'ombe wa kila mtu huingia. Mimi nilitaka mabua yabaki kama matandazo, yaufunike udongo usichomwe na jua.

"Na ng'ombe wa shemeji yangu niwaambie nini?" aliuliza Mama.

Tukapatana upya: bua likatwe usawa wa goti, sehemu ya juu ng'ombe waile, ya chini ibaki kwenye udongo. Mizigo ya mabua ya juu Mama aliibeba mwenyewe hadi kwa majirani, ndipo akaomba ng'ombe wao wasiingie. Walimcheka sana, lakini walizuia ng'ombe wao.

Msimu wa kwanza magugu yalitushinda. Mavuno ya mahindi yalikuwa madogo kuliko upande wa plau. Nilihesabu magunzi mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Afisa Kilimo akaja kukagua.

"Hapa mmepanda nini? Magugu?"

"Tulipatana misimu miwili, bosi," Mama akajibu. "Mimi bado sijamaliza."

Tukapanda ngwara katikati ya mistari, ile jamii ya kunde inayotambaa, ikayaziba magugu pumzi.

Msimu wa pili mvua ilikatika mahindi yakiwa kiunoni. Upande wa plau, saa nne asubuhi majani yalikuwa yamejikunja. Kwenye nusu ekari yetu yalikuwa wazi. Nikafukua chini ya mabua: unyevu, na minyoo kumi na mmoja. Nikahesabu tena, kumi na wawili. Mama alivuna pale kuliko upande wa plau, na msimu uliofuata akanipa ekari nzima. Hiyo niliipima, ikatimia.

Ninyi mnaoanza ugani leo, msitangulize ripa. Ulizeni kwanza mabua ni ya ng'ombe wa nani. Na msiahidi maajabu ya msimu mmoja. Mimi nusura niumbuke.

Nilipostaafu, Mama Nasieku alinifuata nyumbani Kimandolu na lile jembe, mpini bado mweupe.

"Chukua, lilikuwa lako," akasema.

Mke wangu alifurahi kuliko mimi: hatimaye bustani yake ya mboga italimwa. Nikamwomba anitafutie mabua.