Dawa Haina Mkwe

"Damu yangu ya mwezi ilipokatika, iliondoka na nini?"

Bibi Nanyangwe aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya misheni huku Mbozi, enzi za Mwingereza. Nilikuwa muuguzi, nimetoka chuoni Uganda, ambako hatukufundishwa hilo. Alikuwa ameteleza kidogo tu akiinua chungu, mkono ukavunjika. Tulimfunga hogo, yaani plasta ngumu inayoshikilia mfupa hadi uunge.

"Mwambie ni uzee," alisema Sista Mkuu.

"Kaka yake ni mzee kuliko yeye, Sista, na bado anapanda miti kurina asali."

"Binti, umekuja kuuguza au kuhoji? Ale dagaa na mboga, anywe maziwa. Akivunjika nyonga hatainuka tena."

Lakini kila aliporudi kutazamwa alikuwa amekonda zaidi. Nikamfuata kijijini Nanyala, alikoishi kwa binti yake. Nilikuta maziwa tele, na dagaa wameanikwa.

"Mama hagusi," binti alisema. "Ni vya mkwewe. Akimwona mume wangu njiani, anaingia hata kwenye miiba!"

Kwao mama mkwe hali cha mkwe mpaka wazee wawakutanishe kwa chakula maalumu, na wazee hao walikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka. Bibi aliishi kwa uji mwepesi na mchicha wa jirani.

"Bibi, heshima itakusaidia nini ukifa njaa?" nikamuuliza.

"Itamsaidia mwanangu aliyeolewa hapa. Wewe umesoma, mama, ila hujaozesha."

Halafu nikajaribu tena. "Na nikikupa mimi, wodini?"

Alicheka akashika mbavu. "Hiyo ni dawa. Dawa haina mkwe."

Tukamlaza. Mkwe akawa analeta maziwa na dagaa kwa baiskeli mlango wa nyuma, mimi nampa bibi bila kusema vimetoka wapi. Dagaa aliwatafuna na miba yao. Uso ukajaa. Tulipofungua hogo, aliuliza jembe lake liko wapi.

Sidai kwamba ni maziwa tu. Mfupa wa mkono huunga. Baadaye, nikiwa Ikinga kisha Tunduma chini ya Mganga wa Wilaya, nilisoma kwamba hedhi ikikoma hupungua homoni inayolinda mifupa, na mifupa hudhoofika upesi. Niliwafundisha akina mama kula dagaa wazima, ulezi, mboga za majani na maziwa, na kuendelea kutembea na kufanya kazi. Na kila mara niliuliza kwanza: chakula cha nyumbani kwako ni cha nani?

Nilipostaafu, binti wa bibi alinitembelea, naye sasa ana wajukuu. Nilimsimulia kwa fahari jinsi tulivyomficha mama yake siri ile. Akaniangalia kwa huruma.

"Mama alijua tangu kikombe cha kwanza," alisema. "Alikuwa akisikia kikohozi cha mume wangu nyuma ya ukuta. Alifunika kichwa kwa kanga, akamshukuru kimoyomoyo, ndipo akanywa."