Hakumdai Mungu Kitu

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Voi, kwa mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya. "Yule mama wa Sagalla ametuacha," aliniambia. "Ni kifua." Wasomaji wa safu hii hawamjui, kwa kuwa alinikataza kumwandika akiwa hai. Sasa naandika, bila kumtaja jina.

Alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa chini ya kilima, upande wanakopita ndovu wakitoka mbugani. Huko mahindi yakianza kukomaa, kila nyumba hupandisha mtu kwenye dungu, jukwaa refu la miti la kulindia shamba, akiwa na tochi na debe la kupiga. Kanisani kwao pia kuna desturi ya malimbuko: mahindi ya kwanza hayaliwi nyumbani, hupelekwa madhabahuni yakaombewa. Ni desturi nzuri. Ubaya uliingia pale mhubiri mgeni alipowaambia waumini kwamba atakayetoa malimbuko, shamba lake limezungushiwa ua ambao hakuna mnyama atakayeuvuka. Msimu huo madungu kadhaa yalibaki matupu. Mwana wa pekee wa mjane huyu, mwanamume mzima aliyeiamini ahadi ile, akaamua kulinda akiwa chini, kando ya mahindi. Mama alimwambia apande juu. "Si tumeombewa?" akamjibu. "Ama ulitoa mahindi bure, mama?" Wakacheka wote wawili. Usiku huo ndovu alimwua kabla majirani hawajafika.

Nilikuwepo matangani, kwa kuwa wakati ule nami nilisali kanisani hapo. Mchungaji wa kwao, mtu mwema, alimwinamia akamwambia, "Mama, Mungu atakurudishia maradufu."

"Maradufu ya nini, mchungaji? Huyu alikuwa mmoja."

Jirani mmoja akanong'ona kwamba labda malimbuko yale yalikuwa na kasoro. Mama alisikia. "Yalikuwa mazuri kuliko yako," alisema, "na wewe unajua." Kuna waliotaka kucheka, wakatazama chini. Mhubiri mgeni hakuonekana mazishini.

Baada ya hapo mama hakuja kanisani muda mrefu, nasi tukadhani tumempoteza. Mvua zilipokuja alilima peke yake, na mahindi ya kwanza yalipokomaa akayabeba kichwani mpaka madhabahuni. Ulipofika wakati wa ushuhuda aliitwa aeleze Bwana amemtendea nini. "Sina ushuhuda," alisema, akaketi. Watu wakageuka kumtazama. Sisi tumezoea kusikia nani amepata kazi na nani amepona.

Nje nilimuuliza kama alikuwa ameleta malimbuko apate ulinzi.

"Ulinzi ninao. Siku hizi dunguni nalala mwenyewe."

"Basi umeleta kwa nini?"

"Nampenda Mungu, baba. Nimemkasirikia, na bado namkasirikia sana. Lakini mtu wako akinyamaza siku unayomhitaji, utamfukuza? Unakasirika, halafu unampakulia chakula."

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yake yalinyooka baadaye. Hayakunyooka. Ndovu walirudi misimu mingine, na wakati mwingine hakubaki na hata bua la kulisha mbuzi. Alizeeka bila mjukuu wa kumchotea maji, na kila msimu uliompa chochote alipeleka cha kwanza. Hasira yake hakuificha, wala hakuifanya sababu ya kuondoka. Ahadi ile iliyomwua mwanawe bado inahubiriwa katika kaunti yetu, na wanaoipenda zaidi ni watu ambao ukame umewaachia kidogo sana. Siwalaumu. Anayesikia njaa husikiliza yeyote anayetaja chakula.

Lakini imani inayongoja malipo huvunjika malipo yasipofika, na wakati mwingine humvunja mwenye imani hiyo kwanza. Anayempenda Mungu na ampende akijua kwamba huenda akanyimwa kile anachomwomba kwa machozi, hata kama ni uhai wa mtoto wake. Mimi sijui kama ningeweza. Asiyeweza na aseme hivyo wazi. Hiyo ni heri kuliko kumwahidi mzazi mwingine kitu ambacho Mungu hakumtuma kukiahidi.