Segametsi Kivukoni

Baba yake alitaka mvulana. Alipoletewa binti wa nne alimpa jina la Mosetsanagape, yaani msichana tena, akaenda zake kwenye ng'ombe. Mji mzima wa Mahalapye, huko Botswana, ulikata jina hilo likabaki Gape, na watoto wa shule wakaongeza heshima mbele yake: Mma Gape. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, na akivaa kile kizibao chake cha njano anaonekana mfupi zaidi. Lakini mpe kibao chekundu cha kusimamisha magari mkononi uone. Malori ya tani thelathini yanayokwenda kaskazini hufunga breki mpaka yanakohoa.

Miaka kumi na tisa amesimama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu mbele ya shule ya msingi, asubuhi na alasiri. Ana taratibu zake, na kwenye taratibu hizo hana utani. Gari likisimama, huvusha watoto, hushusha kibao, kisha humwinulia dereva mkono kumshukuru, hata kama dereva amenuna. Gari lisiposimama, hutoa daftari mfukoni na kuandika namba. Kila Ijumaa daftari hupelekwa kwa polisi wa trafiki.

Gari moja tu halisimamishwi, nalo ni la maiti. Ijumaa alasiri ndipo familia huchukua marehemu wao mochwari kuwapeleka nyumbani kwa mkesha, na msafara hupita hapo shuleni taa zikiwaka mchana kweupe. Gape huweka kibao chini. Watoto amewafundisha tangu darasa la kwanza: popote ulipo, simama, weka mkoba chini, vua kofia, funga mdomo, mpaka gari la mwisho lipite. Wazazi wanamsifu kwa hilo kuliko hata kwa kuwavusha.

Sasa, habari ya dada yake.

Segametsi alimzidi miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyembeba Gape mgongoni wakati mama yao akifanya kazi za watu, na ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza vya shule. Alikuwa akikaanga magwinya, yale maandazi ya mviringo, na kuyasambaza maofisini kwa pikapu yake nyeupe, na mwanamke yule hakujua kuendesha polepole. Asubuhi moja, miaka minne iliyopita, alipita kivukoni kama mshale. Kibao kilikuwa juu. Watoto watatu walikuwa barabarani, na wa mbele alihisi upepo wa gari kwenye sketi yake.

Gape alitoa daftari. Wengine wanasema mkono ulimtetemeka. Yeye anasema haukutetemeka hata kidogo, na mimi namwamini, maana namjua alivyo mkaidi. Aliandika namba ya dada yake kwa kalamu ileile aliyoandikia za wengine.

Segametsi aliitwa polisi, akalipishwa faini, akahubiriwa na kijana wa juzi mbele ya watu. Akatoka huko moja kwa moja mpaka kivukoni.

"Mimi?" alisema. "Mimi niliyekubeba mgongoni ukinikojolea, leo unaniandika kwenye daftari kama mwizi?"

"Dada, kulikuwa na watoto barabarani."

"Nilikuwa na haraka! Maandazi yanapoa!"

"Wote wana haraka, dada."

"Sawa. Baki na barabara yako. Hutaniona tena hapa, nakuapia."

Na hakumwona. Kuna njia nyingine ya kuzunguka, inapita kando ya reli, ndefu na mashimo matupu. Segametsi alizunguka kwa njia hiyo kila siku kwa miaka minne, maandazi yakifika maofisini yamepoa na wateja wakilalamika, ili tu asisimame mbele ya mdogo wake. Gape naye hakwenda kuomba radhi. Aombe radhi kwa lipi? Lakini kila pikapu nyeupe ilipotokea moyo wake uliruka, na kila ilipokuwa ya mtu mwingine ulirudi chini. Hilo alilikiri baadaye, akilia.

Jumapili moja ya Juni Segametsi alianguka jikoni. Kufikia Jumatatu alikuwa hayupo duniani.

Siku ya Alhamisi mjomba wao, mzee Mokwadi, alimpigia simu Gape. "Kesho saa tisa, mochwari. Ndugu wa tumbo moja ndiye anayempokea."

"Mjomba, saa tisa na nusu watoto wanatoka. Mwalimu mkuu amekosa mtu wa kushika kibao."

"Watoto wana wazazi wao."

"Wazazi wako kazini. Na malori yanakuja."

"Nisikilize, Gape. Usipokuja mochwari, usije kutulilia sebuleni. Na usisimame hapo ukidhani utamuona akipita. Segametsi atapita njia yake aliyoizoea. Ya reli."

Usiku huo Gape alipika uji akasahau kuunywa. Nitasema wazi, hofu yake haikuwa malori peke yake. Alihofu pia kufika mochwari akaambiwa arudi. Lakini malori yalikuwepo, na watoto walikuwepo, na mtu wa kushika kibao hakuwepo. Ijumaa alivaa kizibao chake juu ya gauni jeusi, akaenda kazini.

Watoto walitoka saa tisa na nusu. Aliwavusha mafungu kwa mafungu, na kila aliposhusha kibao aligeuza shingo kutazama kule kwenye kituo cha mafuta ambako njia mbili zinaachana. Hakuna kitu. Lori, basi, mtu na punda wake. Akavusha fungu jingine, akatazama tena. Kufikia saa kumi kasorobo uwanja wa shule ulikuwa mtupu, jua la baridi limeanza kuinama, na Gape alijua kwamba kama walichukua njia ya reli, basi wamekwisha kufika nyumbani. Miaka minne alikuwa akingoja, na sasa hapakuwa na wa kumngojea tena.

Kwenye lango akatokea Wame.

Wame ni wa darasa la kwanza, na ni wa mwisho kutoka kila siku, kwa sababu hupanga penseli zake zote kwa urefu kabla ya kufunga mkoba.

"Mma Gape, nimechelewa?"

"Hujawahi kuwahi, mama. Njoo, vuka."

Barabara ilikuwa tupu. Gape aliinua kibao kwa mazoea tu, na Wame akaanza kukatiza, mkoba ukimpiga visigino. Alikuwa katikati kabisa gari jeusi lilipotokea kwenye kona ya kituo cha mafuta, taa zikiwaka, na nyuma yake taa nyingine, na nyingine.

Mtoto akaona. Naye akafanya kama alivyofundishwa. Alisimama palepale kwenye michirizi myeupe, akaweka mkoba chini, akavua kofia, akafunga mdomo.

"Wame! Toka hapo!"

Wame hakuthubutu hata kujibu. Si aliambiwa afunge mdomo?

Gape alikimbia. Kwa miguu yake ile mifupi alifika katikati, akajiweka mbele ya mtoto, na kibao hakukishusha. Alikinyanyua kwa mikono miwili mpaka juu. Gari la maiti likapunguza mwendo, likapunguza zaidi, likasimama hatua nne mbele yake. Nyuma yake msafara wote ukasimama.

Mzee Mokwadi alitoa kichwa dirishani kwenye gari la pili. "Gape! Hata leo? Hata maiti yake?"

Gape alikishikilia kibao palepale juu. Midomo ilimtetemeka, na safari hii hata yeye hakatai.

Mlango wa gari la maiti ukafunguliwa. Akashuka Gorata, binti wa pekee wa Segametsi, amejifunga blanketi mabegani, macho yamevimba.

"Babu, subiri," alisema. "Kuna mtoto barabarani."

Kisha akamgeukia Gape. "Mama mdogo. Mimi ndiye niliyemwambia dereva apite huku. Babu Mokwadi alitaka njia ya reli, nikamwambia Mama amezunguka vya kutosha."

"Aliniapia, Gorata. Alisema sitamwona hapa."

"Najua alichosema. Kila siku alirudi nyumbani akiniuliza, eti umesikia kama yule mkaidi wa kivukoni ni mzima?" Gorata alijifuta pua kwa ncha ya blanketi. "Mvushe mtoto. Ukimaliza kazi, njoo nyumbani. Kwenye godoro la wafiwa nimekuachia nafasi karibu yangu, na atakayekuzuia mlangoni aje kwangu."

Alirudi ndani ya gari. Mzee Mokwadi alirudisha kichwa chake polepole.

Gape aliokota mkoba, akamshika Wame mkono, wakavuka. Hawakukimbia. Walipofika ng'ambo alishusha kibao, akaenda mpaka ukingo wa lami, na gari likaanza kutembea. Lilipokuwa sawa naye, karibu kiasi cha kuona maua juu ya jeneza, aliinua mkono wake wa kulia, kama anavyomwinulia kila dereva. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kizibao na hakuyafuta, mkono ukabaki juu mpaka gari la mwisho likapita.

Wame, kofia bado mkononi, alimtazama.

"Mma Gape, huyo unamshukuru nini?"

"Amesimama," alisema Gape.